Usilipe kabla hujainua hiyo MGB kwa jeki

Usilipe! Kama zile dola 500 za arubuni bado ziko mfukoni, zikalie. Nimesoma uzi wako mara mbili: MGB nyekundu ya 1971, ile motokari ndogo ya michezo ya Kiingereza, ya wazi juu, rangi mpya inang'aa, ama Toyota Premio ya 2008 ya kubeba mama na watoto wawili. Umeuliza mafuta, vipuri, na ipi itauzika vizuri baadaye. Vizingiti, yale maboksi ya bati chini ya milango, hukuuliza kabisa, na ndivyo vilivyonimaliza mimi.

Yangu ilikuwa ya 1969, niliinunua hapa hapa Lubumbashi kwa dola 4,200. Komisionera, yule dalali wa motokari, aliniapia kwa watoto wake: "Papa, hii motokari ilikuwa inalala ndani, haijanyeshewa." Nikasikiliza injini, karbureta zote mbili zinavuta vizuri. Nikazunguka nayo hadi mtaa wa Bel-Air na kurudi. Milango inafunga. Nikahesabu pesa.

Mvua za Desemba zilipokolea, mlango wa dereva ukaanza kugoma. Nikaipeleka kwa tolie, fundi wa bodi. Akatia jeki ubavuni, akainua kidogo tu, na ule mwanya kati ya mlango na bodi nyuma yake ukajifunga mbele ya macho yangu. Bati likasaga bati, rangi ikamenyeka. Akachukua bisibisi, akasukuma kizingiti, ikazama hadi kwenye mpini. Alipochimba, yakatoka mastiki, ile lami ya kuzibia matundu ya bodi, magazeti yaliyolowa, na kutu laini kama majani ya chai.

Sikiliza, mdogo wangu. MGA iliyotangulia ilikuwa na chasi yake, bodi imekalishwa juu. MGB haina chasi tangu ilipoanza kutengenezwa 1962. Bodi yenyewe ndiyo inabeba kila kitu. Na hiyo ya wazi haina paa la kusaidia, kwa hiyo nguvu yake iko kwenye sakafu na yale maboksi ya bati chini ya milango. Maji na udongo wetu mwekundu vikijificha humo, bati linaoza toka ndani, wewe nje unaona rangi tu. Likishaoza, motokari inajipinda katikati.

Kukata, kukunja mabati mapya, kuchomelea huku tundu la mlango limefungwa nondo ili bodi isikimbie: dola 2,900 na miezi saba. Miezi saba watoto wangu wanatembea kwa miguu kwenda shule! Na yule komisionera alijua. Magazeti hayaingii ndani ya kizingiti kwa bahati mbaya. Kuna mtu aliyashindilia kwa mkono, akapaka mastiki, akapaka rangi, akaniita papa. Hadi leo nikimwona damu inachemka.

Premio sina ugomvi nayo, watu watano wanakaa na vipuri viko kila kona. Lakini nimeona jinsi ulivyoandika, moyo wako uko kwenye ile nyekundu.

Basi nenda na jeki yako mwenyewe. Funga milango, inua ubavu mmoja, tazama ule mwanya, halafu jaribu kufungua. Pitisha sumaku kwenye vizingiti. Isiposhika, hapo chini ni mastiki. Mwenye motokari akikuambia haiinuliwi, ondoka hapo hapo. Jumamosi niko mtaa wa Kamalondo siku nzima, sumaku na bisibisi ninazo. Niandikie nikusindikize.