Kifua kimejaa, mgongo bado bapa

SWALI: Habari za kazi. Nina miaka 24, kilo 68, naishi Igoma, Mwanza. Napiga tizi nyumbani kwa vyuma vya zege na dumu la maji, huu ni mwezi wa nane tangu nianze. Kifua kimejaa ila mgongo uko vilevile. Nikivuta dumu, kinachochoka ni mkono tu. Nakosea wapi?

JIBU: Angalia kiwiko chako, ndugu. Wengi huvuta dumu kuelekea kifuani, kiwiko kikapanda, kazi ikaishia kwenye mkono na juu ya bega. Misuli mipana ya mgongo, ile vijana wanayoiita mabawa, hutoka kiunoni ikajishika kwenye mfupa wa mkono karibu na kwapa. Kazi yake ni kuuvuta mkono chini na nyuma.

Basi inama kutoka nyongani, mgongo umenyooka, mkono mmoja umeegemea benchi. Acha dumu lining'inie mpaka bega livutike chini. Anza kwa kurudisha bega nyuma, kisha peleka kiwiko kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Shusha kwa sekunde tatu. Piga mara 8 hadi 12, seti nne kila upande, ukipumzika dakika mbili. Ukimaliza 12 na bado una nguvu ya kupiga tano zaidi, dumu limekuwa jepesi. La lita 20 likiwa na maji ni kilo 20 na ushei. Likiwa na mchanga mkavu linafika 30. Lijaze hadi shingoni, maji ya nusu hukuyumbisha.

Ongeza kujivuta kwenye chuma cha juu, mikono imepita mabega kidogo. Hujaweza hata mara moja? Panda kwa stuli, kidevu kipite chuma, ushuke taratibu kwa sekunde tano. Mara tano, seti tatu. Usining'inie kwenye goli la uwanjani lisilochimbiwa, linaanguka na kuua.

Sasa vyuma vya zege, kwa zoezi la kuinua kutoka chini. Sahani kubwa za jimu zina upana wa sentimita 45, hivyo chuma hukaa kama sentimita 22 kutoka chini. Kopo la rangi la lita 4 lililojazwa zege linakiweka kwenye 9 hivi. Ukikifuata huko chini mgongo unapinda, na hapo ndipo watu wanapoumia kiuno. Weka makopo juu ya mawe bapa yenye kimo cha sentimita 13. Mawe Mwanza hayanunuliwi. Chuma kiguse muundi, kaza tumbo, sukuma ardhi kwa miguu. Mara tano, seti tatu, siku moja kwa wiki inatosha. Kuvuta na kujivuta, siku mbili.

Chakula: lenga gramu 110 za protini kwa siku. Gramu 100 za dagaa wakavu hukupa karibu nusu yake au zaidi kidogo. Waoshe mchanga vizuri. Zingine tafuta kwenye sato, maharage na mayai.

SWALI: Nabeba magunia sokoni Mwaloni kutwa. Bado nahitaji mazoezi ya mgongo?

JIBU: Ya kujivuta, ndiyo. Gunia linakaza kiuno na shingo, lakini mabawa hayavuti kitu. Ya kuinua kutoka chini achana nayo siku za mzigo mwingi, kiuno chako kimeshafanya kazi hiyo tangu alfajiri.