Manifoldi niliyoinunua kwa macho

Manifoldi, kile chombo kinachogawia silinda za injini hewa na petroli kutoka kwenye kabureta, ilikuwa juu ya meza ya mzee mmoja kwenye soko la spea za mitumba huku Ohio. Alumini tupu, mirija minane mifupi iliyonyooka, na juu yake tundu moja kubwa la kukalia kabureta. Sikuuliza hata swali moja. Nililipa nikaibeba kifuani kama mtoto mchanga.

Gari langu ni Chevrolet Nova ya 1974. Injini ni V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, giaboksi ya otomatiki ya gia tatu, difu ya 3.08, yaani propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) inazunguka mara 3.08 tairi likizunguka mara moja. Siku za kazi linanipeleka kazini. Kiangazi, jioni mbili kwa mwezi, nalipeleka kwenye mbio za robo maili, mita 402 za mstari mnyoofu. Sasa piga hesabu na mimi: jioni mbili, kila jioni nakimbia mara tatu, kila mara sekunde 14 na nusu. Haifiki dakika moja na nusu kwa mwezi mzima. Manifoldi niliinunua kwa ajili ya dakika hiyo moja na nusu, nikasahau saa zote ninazokaa kwenye foleni.

Kabla ya kuifunga, karatasi ya muda ilikuwa inanipa sekunde 14.6, na futi 60 za kwanza nazimaliza kwa 2.1. Baada ya kuifunga, futi 60 zikawa 2.4 na mbio nzima 14.9. Kichekesho ni kwamba kasi ya kwenye mstari wa mwisho ilipanda kwa maili moja kwa saa. Yaani juu ilikuwa inavuta kweli, ila hadi ifike huko wenzangu wameshaondoka. Barabarani ndiyo balaa: taa ikiwaka kijani, nakanyaga, injini inakohoa, inasita, halafu ndiyo inakumbuka safari. Siku moja basi la shule liliniacha kwenye taa. Watoto wa kiti cha nyuma wakanipungia mkono.

Tatizo halikuwa ubovu wa manifoldi, ila haikuendana na gari langu. Niliyonunua ilikuwa singopleni: chumba kimoja cha wazi chini ya kabureta, silinda zote nane zinakunywa humo kwa mirija mifupi na mipana. Injini ikizunguka haraka, hewa inapita kwa wingi bila kubanwa, na hapo hakuna inayoishinda. Ikizunguka polepole, hewa ndani ya mirija ile mipana inazubaa. Kabureta inategemea upepo wa kooni ili ifyonze petroli, na upepo ukilegea petroli inatoka kidogo, tena hiyo kidogo inaganda kwenye kuta za mirija badala ya kufika kwenye silinda. Ndiyo kile kikohozi.

Aina ya pili, dyuopleni, ni nyumba ya ghorofa mbili. Nusu ya kabureta inalisha silinda nne, nusu nyingine nne zilizobaki. Small-block ya Chevrolet, ile familia ya V8 ambayo 350 yangu imo, inawaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2, na ukitazama utaona 1, 4, 6 na 7 ziko ghorofa moja, 8, 3, 5 na 2 ghorofa nyingine, zinapokezana moja moja. Hakuna jirani anayemnyang'anya mwenzake hewa. Mirija nayo ni mirefu na myembamba zaidi, kwa hiyo hewa inakimbia hata ukiwa unatembea taratibu.

Watengenezaji hawafichi. Edelbrock, kwa mfano, wanaandika kabisa: Performer, ambayo ni dyuopleni, ni kuanzia sailensa (injini ikiwaka bila kukanyagwa) hadi mizunguko 5,500 kwa dakika, Performer RPM, dyuopleni pia, ni 1,500 hadi 6,500, Victor Jr., ambayo ni singopleni, inaanzia 3,500. Nilipokaa chini nikakuta kwamba kwa difu yangu na matairi yangu ya inchi 26, kilomita 100 kwa saa ni karibu mizunguko 2,500 tu. Ili nifike 3,500 kwenye gia ya juu nilitakiwa niende kilomita 140. Polisi wa hapa wangefurahi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kugusa pochi jua difu yako, jua kamshafti yako (shafti inayofungua vali) inaamkia kwenye mizunguko mingapi, na kama ni otomatiki ujue konveta yako, ile inayounganisha injini na giaboksi, inakamata kwenye mizunguko mingapi. Ukiwa na difu ya 4.10, konveta inayokamata 3,500 na kamshafti kali, singopleni itakupa raha. Kama gari ni la kiwandani huku chini, chukua dyuopleni ya mizunguko ya juu kidogo. Mimi niliweka moja ya 1,500 hadi 6,500, kabureta ileile, na futi 60 zikashuka hadi 2.0, mbio nzima 14.2.

Halafu kuna mitego ya kufunga. Hedi (vichwa vya injini) za zamani za small-block zinachukua bolti 12 za manifoldi. Zile za Vortec, toleo jipya la Chevrolet la kuanzia 1996, zinachukua 8, na haziingiliani hata ukizibembeleza. Hedi za chuma za kuanzia 1987 nazo bolti za katikati zimebadilishwa pembe. Urefu pia: weka vidonge vya udongo wa kuchezea watoto juu ya kifuniko cha ea klina, shusha boneti polepole, fungua, tazama udongo umebaki unene gani. Na vile vipande vya koki, mali ile ya vizibo vya chupa, vinavyokuja na gasketi, vya mbele na nyuma, mimi natupa. Napaka silikoni nene, nashusha manifoldi wima bila kuitelezesha, nakaza kuanzia katikati kwenda nje.

Ile singopleni bado iko shelfuni. Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja kuiulizia, ana Camaro. Nikamuuliza difu. Hajui. Nikamwambia anyanyue nyuma, gia aiache nyutro, atie chaki kwenye tairi na kwenye propela, azungushe matairi yote mawili pamoja duara moja, ahesabu propela imezunguka mara ngapi.

Jioni akapiga simu: "Tatu na kidogo, kaka."

Sikumuuzia.