Kuhamia Dar na mtoto mdogo: nyumba aichague atakayeshinda ndani

Kaka, hongera kwa ajira. Umesema unaripoti kazini Posta, katikati ya jiji la Dar, mwezi ujao ukitokea Mbeya, una mke na mtoto wa mwaka na nusu, na umeuliza mkae upande gani, utangulie miezi sita ujipange au mje wote, na Dar mtaizoeaje. Waliokujibu wamezungumzia kodi na foleni, na wamesema kweli. Mimi naomba niseme upande wa mkeo, maana mwaka tuliohamia sisi, wa kushinda nyumbani nilikuwa mimi.

Tulitoka Njombe Januari 2019. Mume wangu alipata kazi Posta, nami nikafunga duka langu la vitenge. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka mitatu, mdogo miezi saba. Baba yao alitangulia wiki moja, akashika dalali, akapata nyumba Mbezi kwa ndani: vyumba viwili, sebule, jiko, choo ndani, vigae, fensi na geti. Akalipa kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali. Nilipoona picha kwenye simu nilimshukuru Mungu. Hakuna aliyefikiria kuuliza nani anakaa jirani.

Ukishuka Mbezi Mwisho ulikuwa unapanda boda, na boda yenyewe haikuwa ya dakika tano. Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kibaha ndiyo ilikuwa inapanuliwa, vumbi na foleni vikaungana. Mume wangu alitoka saa kumi na nusu alfajiri, akarudi saa tatu usiku. Siku sita za wiki aliwakuta watoto wamelala, akawaacha wamelala. Mkubwa akaniuliza siku moja, "Baba amerudi Njombe?" Upande wa kulia kulikuwa na msingi wa nyumba ulioota majani. Kushoto kulikuwa na geti, na aliyekaa ndani yake sikuwahi kujua sura yake. Genge lilikuwa mbali, naenda na mmoja mgongoni, mwingine nimemshika mkono, jua la Januari kichwani. Zilikuwepo siku jua lilizama sijasema na mtu mzima hata mmoja.

Sasa nikupe mfano wa bei ya upweke huo. Wiki ya pili mdogo akatoka vipele shingoni na mgongoni, vidogo vyekundu, halali usiku. Mimi ni mtu wa Njombe, kwetu mtoto anavikwa sweta, kofia na soksi, na ngozi inapakwa mafuta ya mgando asubuhi na jioni. Nikaona ngozi imeharibika, nikazidisha mafuta. Vipele vikazidi. Nikadhani surua, nikadhani nimemlisha kitu. Siku kumi na mbili nilihangaika hivyo. Kilichotuokoa ni mama mmoja muuza vitumbua karibu na kituo cha boda. Nilisimama kununua, akamtazama mtoto, akaingiza kidole chini ya kola ya sweta, akasema, "Mwanangu, hii harara, vipele vya joto. Mvue. Mwogeshe maji ya baridi ya bomba mchana na jioni, hayo mafuta achana nayo, mvike kigauni cha pamba kimoja tu." Baada ya siku nne ngozi ilikuwa safi. Maneno yale yalichukua dakika moja, na mwanamke yeyote wa Dar angenipa. Mimi sikuwa na mwanamke yeyote.

Ndiyo maana nakuambia: nyumba usiichague kwa ajili yako wewe utakayeondoka asubuhi. Ichagueni kwa ajili ya yule atakayeshinda hapo na mtoto.

Kodi ya miezi sita ilipokwisha, Julai, tulihamia Magomeni. Nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, choo cha kushea. Tulichukua vyumba viwili kwa kodi karibu ileile ya Mbezi. Ndugu zetu walisikitika, wakaona tumeshuka. Lakini mume wangu alitoka saa moja asubuhi, akapanda mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, kituo cha Magomeni Mapipa, na saa kumi na mbili jioni alikuwa uani amembeba mtoto. Nami nilikuwa na watu.

Uani kwa bibi mwenye nyumba ndipo nilipojifunza Dar. Alinipa kibao cha mbuzi, akanikalisha, akanionyesha nazi inavyokunwa: unazungusha kifuu kwa viganja, hukandamizi, ukikandamiza unakuna na kifuu na tui linakuwa jeusi. Tui la kwanza zito unaliweka pembeni, la pili jepesi ndilo linaloanza kupikia. Wakaniita Mama Njombe. Ramadhani iliyofuata, jioni ya kwanza, sahani ya futari ikaingia chumbani kwetu, magimbi na tambi, ingawa walijua sisi ni Walutheri. Nilitaka kurudisha sahani imeoshwa safi, mpangaji mwenzangu akanishika mkono: sahani ya jirani hairudi tupu. Nikarudisha na viazi vyetu vya Njombe, mama alikuwa ametuma kwa basi. Tangu jioni hiyo hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa mgeni kwangu.

Sisemi lazima mkae Magomeni. Kuna Sinza, Mwananyamala, Kinondoni, Tabata, Buguruni, Temeke, na Kimara kwenyewe kama mtakuwa karibu na kituo cha mwendokasi. Ninachosema ni namna ya kukagua. Dalali atataka kukupeleka asubuhi. Mwambie saa kumi na moja jioni, halafu simama nje ya nyumba kabla hujaingia ndani. Angalia kama kuna watoto wanacheza, kama kuna kina mama barazani, genge liko wapi, mangi wa duka la mtaani yuko wapi, kituo cha afya kiko umbali gani kwa miguu ya mtu aliyebeba mtoto. Ndani, inama uangalie ukuta kwa chini. Rangi ikiwa imebabuka kwa mstari mmoja ulionyooka, maji yaliwahi kufika hapo. Hilo lina uzito zaidi ukitafuta karibu na bonde la Msimbazi. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na mvua zikikolea, Jangwani, kwenye bonde hilohilo, hufurika mpaka mwendokasi husimamishwa. Mume wangu alishazungukia Kinondoni na Salenda mara kadhaa. Muulize mpangaji, si dalali, maji ya bomba yanatoka siku gani, na kama LUKU, mita ya umeme wa kununua kabla, ni yenu peke yenu. LUKU ya kushea imegombanisha watu wengi waliokuwa marafiki.

Na mkeo aione nyumba kwa macho yake kabla hela haijatoka. Hili nalisisitiza. Nauli yake ya kuja na kurudi ni ndogo kuliko kodi ya miezi sita ya nyumba itakayomnyima raha. Sisi tulishukia Ubungo, siku hizi stendi ya mikoani ni ya Magufuli, Mbezi Luis.

Mkishahamia, wiki ya kwanza nendeni ofisi ya serikali ya mtaa na barua ya utambulisho ya kule mnakotoka, na mjitambulishe kwa mjumbe. Halafu kliniki. Mtoto wa mwaka na nusu ndiyo umri wa chanjo ya pili ya surua na rubella, ile ya kwanza alipata miezi tisa. Msiiache ipite katikati ya kuhama. Kadi yake ya kliniki inapokelewa kituo chochote cha serikali, kwa hiyo isipotee. Chandarua ni cha usiku na cha mchana pia. Mwaka tuliofika kulikuwa na homa ya dengue hapa mjini, na mbu wa dengue anauma mchana, wakati mtoto amelala usingizi wake wa saa nane.

Kuhusu kuizoea Dar. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa huu. Mji wa ukubwa huo hauzoeleki kwa kukaa ndani ukiuogopa, wala kwa kuzunguka wote kwa wiki moja. Sisi tuliweka utaratibu: kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi shilingi 10,000 inatoka, tunakwenda sehemu moja tu, kwa usafiri wa watu wote. Ya kwanza ilikuwa Feri, kwenye kivuko cha kwenda Kigamboni. Wakati ule mwendokasi ni 650, pantoni 200, watoto tumewabeba. Kwenda na kurudi sisi wawili ikawa 3,400, iliyobaki tukala samaki wa kukaanga na madafu. Pale mageti ya pantoni yakifunguliwa watu hukimbia. Msikimbie nao, bebeni mtoto, subirini kundi lipite. Mkubwa wangu alishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili njia nzima, akitazama meli zilizotia nanga, hakusema neno. Tuliposhuka Kigamboni akaomba turudi palepale tupande tena. Ndicho tulichofanya.

Coco Beach ilitufundisha kwa gharama. Tulifika maji yamekupwa, mchanga mpana mpaka mbali, tukatandika kanga chini kabisa karibu na mawe, tukaacha viatu, tukawapeleka watoto kununua mihogo ya kuchoma. Kurudi, maji yamejaa sehemu yote, kanga inaelea, kiatu kimoja cha mtoto hatukukiona tena. Kwetu Njombe maji yanajaa kwa mvua tu. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, karibu kila saa sita inageuka, na kila siku inachelewa kama dakika hamsini kuliko jana, kwa hiyo saa ya Jumamosi iliyopita haikusaidii Jumamosi hii. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ndiyo bamvua, maji yanapanda juu zaidi. Muulizeni muuza madafu, anajua kuliko simu yenu. Na mtoto mkono wake usiachwe.

Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, mtoto wenu bado mdogo, lakini nendeni kwa ajili yenu, mkajifunze habari za Zinjanthropus, fuvu la kale la jamaa wa binadamu lililopatikana Olduvai 1959, na Bustani ya Botania iko jirani, kivuli kizuri cha kumlaza mtoto. Kwa mtoto mdogo bora Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo. Nyumba za asili za makabila zimejengwa uwanjani, mtoto anaingia na kutoka, anakimbia. Wangu walizunguka msonge wa Wahaya mpaka wakachoka, na siku hiyo walilala saa kumi na mbili jioni.

Sokoni Kariakoo msiende na mtoto. Hilo sina maelezo mengi.

Sasa swali lako la kutangulia. Miezi sita ni mirefu mno. Mtoto wa mwaka na nusu kwa miezi sita atakuwa ameanza kuongea, na wewe hukuwepo. Mkeo naye atakuja kwenye mji ambao wewe umeuzoea bila yeye, atakuwa mgeni wako badala ya kuwa mwenzako. Tangulia wiki tatu. Kaa kwa ndugu au kwa rafiki, wiki mbili za kwanza uangalie mitaa jioni ukitoka kazini, wiki ya tatu mkeo aje peke yake siku mbili mchague pamoja kati ya nyumba mbili au tatu ulizochuja. Mtoto abaki na bibi yake. Akirudi, anafunga mizigo mnakuja.

Na mizigo ikija na fuso, chandarua, kadi ya kliniki, kanga mbili na kigauni chepesi cha mtoto visipande kwenye fuso. Viwe kwenye begi la mkononi. Fuso letu lilichelewa siku mbili, na usiku wa kwanza Dar tuliulala sakafuni bila chandarua, nikimpepea mdogo kwa mfuniko wa ndoo mpaka adhana ya alfajiri.