Mkanda wa harusi usimpe mtu mwenye haraka

Juzi kuna dada kanitumia meseji, ana mikanda minne ya video, ile ya VHS ya zamani, ya marehemu baba yake, iko Mwanga, anataka kuipeleka studio wamhamishie kwenye DVD, akaniuliza "kaka, niwaambie nini wasiniharibie?" Nilikaa na hiyo meseji muda mrefu kabla sijajibu, maana mimi niliingia studio sina cha kuwaambia na mpaka leo inaniuma.

Harusi ya dada yetu mkubwa ilikuwa Ujiji, 1996, mikanda miwili. Wa kwanza ndio una bibi. Yuko nyuma ya nyumba chini ya mwembe, kajifunga kanga kiunoni, anageuza migebuka kwenye mawese, mpiga video akamsogelea, bibi akajiziba uso na upawa huku anacheka, halafu akaanza kumwimbia bi harusi kwa Kiha. Alifariki 2001 na sauti yake nyingine hatuna popote.

Nikaupeleka kwa vijana fulani mjini, wakasema njoo kesho. Kesho yake napewa diski moja, saa tatu zote zimebanwa humo, sura za watu vibokisi vibokisi, na pale kwa bibi chenga tupu. Deki yao ilikuwa chafu ikautafuna mkanda na hawakuniambia neno, nimekuja kuuona mkunjo mwenyewe nyumbani nilipoinua kile kifuniko cha mbele.

Basi nikasema kuanzia hapo nafanya mwenyewe. Deki mpya usitafute, kiwanda cha mwisho, Funai ya Japani, kiliacha kuzitengeneza 2016, kwa hiyo utapata iliyotumika kwa jirani, na kazi ya kwanza ni kuisafisha. Kitambaa laini kisichotoa nyuzi, spiriti safi ya isopropili, unakigusisha kwenye lile pipa la hedi, kile kipande cha duara kinachozunguka ndani ya deki na kusoma mkanda, halafu unalizungusha pipa kwa mkono, kitambaa kimetulia. Usisugue juu chini, utavunja hedi, na pamba ya masikioni weka mbali kabisa. Nilijaribu kwanza na mkanda wa mechi ya mpira nisioujali. Mkanda wenye ukungu mweupe (na huku kwetu ziwani unyevu hautuachi) usiuingize kabisa kabla haujasafishwa, utachafua deki na mikanda mingine yote.

Kabla ya kuucheza mkanda upeleke mpaka mwisho uurudishe, ukae sawa. Rekebisha treking, kile kitufe cha kuiweka deki isome mkanda sawasawa, mpaka michirizi iishe. Kwenye kompyuta unayorekodia picha kutoka kwenye deki chagua PAL, mfumo wa video wa huku kwetu, 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, ukiacha NTSC, ule wa Marekani, utaona maajabu. Na msibane jamani! Diski ya GB 4.7 inabeba saa moja vizuri sana, saa mbili inavumilika, zaidi ya hapo unaua picha, na picha ya VHS yenyewe haina cha ziada cha kupunguza. Harusi ya saa tatu ni diski mbili au tatu, diski bei gani bwana? Choma kwa spidi ndogo, mimi natumia 4x, na faili kubwa la mwanzo libaki kwenye hard disk ya kompyuta. Mkanda wenyewe usitupe hata kama umeshahamisha.

Nasema kwa uchungu kwa sababu watu tunalipia mapambo ya ukumbi hela ndefu halafu sauti ya mzazi tunaikabidhi kwa mtu tusiyemuuliza hata deki kaisafisha lini. Muulize. Akikasirika ondoka na mkanda wako. Kaa naye mpaka uishe, kama ni saa tatu kaa saa tatu, ni mzazi wako huyo.

Mkanda wa pili umetoka safi, rangi za kanga zote zinaonekana. Jumamosi nikapata moyo nikaurudia na ule wa kwanza. Nilikuwa nimesoma kwamba sauti ya VHS inakaa ukingoni mwa utepe, picha katikati, na mkunjo wangu uko katikati. Nikazima ile bluu ya deki inayofunika picha mbovu, nikabonyeza plei. Bibi hakuonekana, chenga tu dakika nzima, lakini anaimba, neno kwa neno, na mafuta yanasikika yakichemka. Mama alikuwa jikoni. Alikuja akasimama mlangoni na kisu mkononi, akaanza kumwitikia.