Ukienda kusoma Uturuki, ondoka na "pole" yako

Kila majibu ya ufadhili wa serikali ya Uturuki yanapotoka, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana: dada, nibebe nini? Wengi huulizia makoti na blanketi. Nawajibu kwamba koti utalinunua kule kule, tena linalofaa baridi ya kule. Ninachowasisitizia wabebe ni adabu ya Kiswahili waliyolelewa nayo. Mimi yangu niliiweka kando nilipofika, na ikanigharimu karibu mwaka mzima.

Nilipangiwa Eskişehir, mji wa wanafunzi magharibi ya Ankara, wenye tramu na mto Porsuk unaopita katikati yake. Kabla ya shahada, wengi wetu husoma lugha kwanza, mwaka mzima, kwenye vituo vinavyoitwa TÖMER. Nilishika Kiingereza kama fimbo ya kutembelea. Kila neno la Kituruki nililipitisha kwanza kwenye Kiingereza, na dukani nilitaja nilichotaka, nikalipa, nikatoka bila kumjulia hali mtu yeyote. Nikawaandikia nyumbani Tanga kwamba watu wa huku ni wakavu.

Aliyenifungua macho ni mama aliyekuwa akifanya usafi bwenini kwetu. Asubuhi moja alikuwa anapiga deki ngazi, msichana wa Kituruki akashuka kwa kunyata asichafue, akamwambia: "Kolay gelsin, abla." Darasani nikamuuliza mwalimu maana yake. Akajaribu kwa Kiingereza, akashindwa; akasema tafsiri ni "ije kwa wepesi", lakini Kiingereza hakina neno hilo. Kumbe ninalo tangu utotoni. Ni pole na kazi.

Kuanzia siku ile niliacha kupitia Kiingereza, na lugha ikaanza kufunguka. Mtu akiugua, akipata ajali au akifeli mtihani, unamwambia "geçmiş olsun", yaani liwe limepita. Ndiyo pole yetu. Aliyefiwa unamwambia "başınız sağ olsun". Aliyepata kazi, nyumba au hata simu mpya unamwambia "hayırlı olsun", na ukisikiliza vizuri, heri yetu imo humo ndani. Aliyekupikia unamwombea mikono yake iwe na afya, "eline sağlık", naye anakujibu "afiyet olsun", afya ile ile. Aliyetoka kuoga au kunyoa naye ana neno lake, "sıhhatler olsun", na hili sisi hatuna, nalitamani. Jifunze haya kabla ya sarufi. Mgeni anayepita mbele ya fundi viatu bila "kolay gelsin" anaonekana kama kijana wa kwetu anayempita mtu mzima bila shikamoo.

Vivyo hivyo usimwite mtu "wewe" wala kwa jina tupu. Dada ni abla, kaka ni abi, mama wa makamo ni teyze, baba wa makamo ni amca, na chuoni kila mhadhiri ni hocam. Ndani ya familia majina hayo yanagawanyika kama yetu: amca ni ndugu wa baba, ami wa watu wa pwani, dayı ni mjomba, hala ni shangazi, teyze ni mama mdogo au mama mkubwa. Wanafunzi wenzangu waliotoka Ulaya waliyakariri kwa kadi. Mimi nilihitaji dakika kumi, na hata hizo dakika, Kituruki kinaziita dakika.

Maneno ya aina hiyo ni mengi kwa sababu lugha zote mbili zilichota kwenye Kiarabu: kitap, kalem, sabun, hesap, haber, dünya, asker. Hata ujenzi wa kitenzi hautakutisha. "Sitakuja" ni "gelmeyeceğim": ukanushi, wakati na mtendaji vyote vimo ndani ya neno moja, isipokuwa sisi tunavitanguliza na wao wanavifuatisha nyuma.

Lakini ujamaa huo una mitego. Mzee akikuambia "merhaba", hajaitikia shikamoo yako. Ndiyo kwanza anakusalimu. "Misafir" hasafiri, ni mgeni, na anayebisha hodi bila taarifa huitwa mgeni wa Mungu. Saa ndiyo iliyonitesa. Uturuki iliacha kubadilisha saa kwa majira mwaka 2016, kwa hiyo saa yao na ya Dar ni moja, nami nikajiona niko nyumbani. Ofisa mmoja akaniambia nije "saat üçte", saa tatu. Nikafika asubuhi, nikakaa kwenye benchi hadi alasiri, kwa kuwa saa tatu yao ni tisa yetu. Baadaye mzee muuza vitabu wa mtaa wa Odunpazarı akanieleza kwamba zamani nao walihesabu saa kuanzia machweo, na jua likizama ilikuwa saa kumi na mbili, hadi sheria ya mwisho wa mwaka 1925 ilipoleta hesabu ya Ulaya. Babu zao wangenielewa.

Mtego wa mwisho ni "cık". Mturuki akitaka kusema hapana, mara nyingi hainui mdomo: huinua nyusi, hurudisha kichwa nyuma kidogo na kutoa mlio mfupi wa ulimi. Masikioni mwetu huo ni msonyo. Wiki ya pili nilimuuliza muuza duka kama ana vocha, akafanya hivyo, nikatoka na machozi. Hakunitukana. Aliniambia hana. Nawaomba sana mlishike hili, kwa sababu nimeona wenzetu wakijenga chuki ya miaka juu ya mlio wa ulimi.

Sasa nije kwenye maisha yao ya kitaifa. Novemba yangu ya kwanza, tarehe 10, nilikuwa natembea kuelekea kituo cha tramu. Saa tatu na dakika tano asubuhi kwa hesabu yetu, ving'ora vikalia mji mzima. Magari yakasimama katikati ya barabara, madereva wakashuka na kusimama wima. Nami naendelea na mwendo, hadi mwanamke mmoja akanishika kiwiko, taratibu, bila neno. Ndiyo saa aliyofariki Mustafa Kemal Atatürk, mwasisi wa jamhuri yao, mwaka 1938, katika kasri la Dolmabahçe, Istanbul. Niliona haya, kwa sababu nimelelewa Tanzania, ambako filimbi ya kushusha bendera ikilia jioni kituo cha polisi, hata mwendesha baiskeli hushuka. Siku hiyo simama. Huna haja ya kujua chochote zaidi ili usimame.

Ukitaka kuwaelewa, soma kalenda yao kama simulizi ya vita moja, ile ya kupigania uhuru wao. Mei 19 ni siku Atatürk alipotua Samsun mwaka 1919, nayo wameifanya ya vijana na michezo. Aprili 23 bunge lilifunguliwa Ankara mwaka 1920. Leo ni sikukuu ya watoto, na mtoto huketishwa kwenye kiti cha kiongozi wa nchi. Agosti 30 ni ushindi wa mwaka 1922. Oktoba 29 ni jamhuri yenyewe, mwaka 1923. Kila moja ikifika, balkoni hujaa bendera nyekundu, na utasikia wimbo wa taifa, ulioandikwa na Mehmet Akif Ersoy na kupitishwa Machi 1921. Neno lake la kwanza ni "Korkma", usiogope. Kumbukumbu ya Atatürk inalindwa na sheria ya mwaka 1951, kwa hiyo usimfanyie mzaha, hata ukiwasikia wenyewe wakibishana vikali juu ya siasa za leo. Wewe sikiliza, uliza, kunywa chai.

Na chai utakunywa! Inakuja kwenye bilauri ndogo yenye kiuno, na wataongeza mpaka uweke kijiko juu ya bilauri kwa kulala. Hapo wanajua umetosheka. Viatu unaviacha mlangoni, unapewa ndara, unamiminiwa kolonya, marashi yao, viganjani. Siku ya Idi busu mkono wa mkubwa kisha uupeleke kwenye paji la uso wako. Mkahawani usitafute makubwa: omba kuru fasulye na pilav, ni wali na maharage, ingawa pilau yao haina viungo.

Yapo ya kuumiza pia, na sitawaficha. Utakodolewa macho, utaombwa picha, mtu atakugusa nywele kwenye basi. Kataa kwa upole, una haki hiyo. Ukipata nafasi nenda upande wa İzmir na Aydın, ukakutane na Waturuki weusi, wazao wa watu waliotekwa utumwani enzi za Waosmani, dola iliyotangulia jamhuri, wengine wakitokea Sudan na hata Kenya. Niliwaza mengi kule, mengine siwezi kuyaandika hapa.

Mambo ya ofisini nayataja mbio: kibali cha ukaazi, ikamet, usisubiri tarehe ya mwisho ikufikie, na simu uliyokuja nayo hufungwa baada ya siku 120 za kutumia laini ya kule kama haijasajiliwa.

Nilipomaliza shahada, yule mama wa usafi alinisindikiza hadi nje, ndoo ya deki mkononi. Teksi ilipoondoka akamwaga maji barabarani nyuma yetu, kama wanavyomfanyia msafiri, aende kama maji na arudi kama maji. Nilitoa kichwa dirishani nikamwambia "kolay gelsin, abla", naye akainua mkono uliokuwa bado umelowa.