Hisabati anaijua, mchujo unamshinda: majibu kwa wazazi wa darasa la saba

Binti yangu anasoma shule ya serikali na hisabati hashuki chini ya 80. Nilimpa karatasi ya zamani ya mchujo, yaani mtihani wa kuingia kidato cha kwanza, wa shule moja binafsi, akaambulia 38. Zimebaki wiki nane. Nimwongezee twisheni? (Mzazi, Morogoro)

Subiri kwanza. Irudieni karatasi hiyo pamoja, na kila alipokosa muulize alilipataje jibu lake. Pembeni ya kosa andika herufi moja: M kwa mada asiyoijua, H kwa hesabu iliyoteleza, S kwa swali alilolisoma vibaya, D kwa dakika zilizomwishia. Twisheni inatibu M. Kwa mtoto wa 80, mara nyingi zinazojaa ni S.

Tazama swali hili: Asha alitumia robo ya fedha zake kununua madaftari, kisha theluthi ya zilizobaki kununua kalamu. Akabakiwa na sh. 6,000. Alikuwa na kiasi gani? Mtoto mwenye haraka anajumlisha 1/4 na 1/3, anapata 7/12, anasema 5/12 ndiyo 6,000, na jibu lake ni 14,400. Namba imetoka nzima, haina desimali, kwa hiyo hashtuki. Na kama ni swali la kuchagua, 14,400 inaweza kuwa pale pale inamsubiri. Alichoruka ni neno "zilizobaki".

Achore mstatili wenye vyumba vinne sawa. Kimoja ni madaftari, akitie kivuli. Vimebaki vitatu, theluthi yake ni chumba kimoja, nacho akitie kivuli. Viwili vilivyo vitupu ni 6,000, kila kimoja 3,000, vinne 12,000. Hakuna sehemu aliyojumlisha.

Kwa makosa ya H, anzeni na sufuri ya katikati. 6,024 ÷ 12 ni 502, lakini wengi huandika 52: wanashusha 2, wanaona 12 haiingii, wanashusha 4 bila kuandika sufuri. Dawa ni kukadiria kabla ya kugawanya: 6,000 kwa 12 ni 500, basi 52 haiwezekani.

Kila siku dakika 40 zinatosha, Jumamosi karatasi nzima kwa saa ya ukutani. Swali alilokosa alirudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kwenye karatasi tupu. Kumrundikia karatasi mpya kila jioni kunamzoesha kukosa kwa kasi.

Kwa kufuata MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) mwanangu anapata 20 − 8 + 5 = 7. Kitabu kinasema 17. (Baba wa mapacha, Tanga)

Kitabu kiko sawa. Mtoto ameona JU imetangulia TO, akajumlisha 8 na 5 kwanza. Kujumlisha na kutoa vina hadhi moja. Kinachokuja kwanza ukitoka kushoto ndicho kinachofanywa kwanza. 20 toa 8 ni 12, ongeza 5 ni 17. Kugawanya na kuzidisha navyo viko hivyo, ila kutanguliza GA hakuharibu jibu, ndiyo maana kasoro hii hujificha muda mrefu.

Mchujo ni kwa Kiingereza, yeye amesoma kwa Kiswahili. Tuanzie wapi? (Mlezi, Dodoma)

Msihangaike na kamusi nzima. Maneno kama 40 ya hesabu yanatosha kuanzia, kila moja kwenye kadi pamoja na mfano wa namba. Yanayoangusha zaidi ni yale yanayogeuza mpangilio: "7 less than 20" mtoto huandika 7 − 20 kwa kufuata maneno yalivyopangwa, kumbe ni 20 − 7.

Saa nazo zinahama. Kutoka saa za Kiswahili kwenda mfumo wa saa 24, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni ongeza 6: saa 3 asubuhi ni 0900. Saa 1 hadi saa 5 usiku ongeza 18: saa 3 usiku ni 2100. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 alfajiri toa 6: saa 8 usiku ni 0200. Anayekariri "usiku ongeza 18" atapata 26 hapo, na wapo wanaoiandika.

Atumie kikokotoo nyumbani? (Mzazi, Mwanza)

Hapana, hata kusahihishia. Kugawanya asahihishe kwa kuzidisha, kutoa kwa kujumlisha. Chumba cha mtihani ataingia na penseli, kalamu na rula.