Haionji, inatia rangi
Mdogo wangu, umeuliza mashine ya melini inajuaje kiasi cha naitreti, chumvi ya naitrojeni inayolisha vijimea, kwenye maji ya bahari bila mtu kushika chupa. Pampu inasukuma maji ndani ya mrija mwembamba kama wa dripu, na kila baada ya kipande inaingiza kiputo cha hewa ili sampuli zisichanganyike. Naitreti inapitishwa kwenye kadimiamu, aina ya metali, inapunguzwa oksijeni na kuwa naitraiti, kisha dawa ya kemikali inaifanya ya waridi. Mwanga wa kijani (nanomita 540) ukimezwa zaidi na rangi hiyo, naitreti ipo nyingi. Fosfeti, chumvi ya fosforasi, yenyewe hutiwa dawa nyingine ikawa buluu. Lakini watu bado wapo; la sivyo nani atachanganya dawa na kubadilisha mirija iliyochoka?

Hayo maji ya bahari uliyochota Raskazone, Tanga, yachuje, uyagandishe leo leo. Vijimea vitaila naitreti kabla hujafika maabara.